Makala 200 kwenye laptopu na sura ya pili haiendi: upange vipi utafiti wa ushirikiano wa wanyama na watu?

"Shikamoo Dokta. Nasoma masters ya ikolojia, mwaka wa kwanza, mada yangu ni ushirikiano kati ya wanyama na kati ya watu. Nimepakua makala kama 200 hivi nikaziweka kwenye folda kwa majina ya wanyama, simba, tembo, sokwe, nyuki, halafu folda moja kubwa nimeiandika BINADAMU. Supavaiza wangu kasema hizo ni tasnifu mbili, nichague moja. Moyo unakataa, kwa sababu babu yangu mzaa mama alikuwa mrina asali kule Tunduru na nimekua nikisikia habari za ndege anayewaita watu mpaka walipo nyuki, na mimi naona hapo mnyama na mtu wanashirikiana kabisa. Ila nikianza kuandika sura ya pili nakwama, kila makala ushirikiano ina maana yake, nyingine hesabu tupu, nyingine watu wanacheza michezo ya pesa. Je, niachane na upande wa watu? Na habari za babu naweza kuziweka au ni hadithi tu? Nimebakiwa na miezi 14 na hela ya kwenda field ni ya kuungaunga."

Marahaba mwanangu. Swali lako nimelisoma mara mbili na nimefurahi umeeleza mpaka na folda zako, kwa sababu ugonjwa wenyewe uko hapo kwenye folda. Umepanga makala kwa kufuata nani anashirikiana, wakati walioziandika walikuwa wanauliza kwa nini anashirikiana na anawezaje kuendelea bila kuliwa na wajanja. Ndio maana ukifungua folda ya simba unakuta makala tatu ambazo hazisalimiani, na ukifungua ya BINADAMU unakuta kitu kinachofanana kabisa na kile ulichokisoma kwenye tumbili wiki iliyopita lakini huna pa kukiunganisha. Supavaiza wako akiangalia mpangilio huo lazima aone tasnifu mbili, mimi mwenyewe ningeona mbili au hata tano. Kwa hiyo usimkasirikie, ila usitupe upande wa watu kwanza, tupange upya halafu ndio uamue.

Tuanze na neno lenyewe maana ndilo linalokukwamisha. Kwenye Kiswahili chetu ushirikiano ni neno zuri, likitajwa tu tunaona mshikamano, watu wanajenga shule, majirani wanabeba jeneza. Ukiingia na picha hiyo kwenye makala za baiolojia utapotea, maana huku ushirikiano hauna uhusiano na wema wa moyo. Stuart West na wenzake wawili, Griffin na Gardner, waliandika mwaka 2007 makala nzima ya kusafisha maneno haya kwa sababu watu walikuwa wanagombana miaka kumbe kila mmoja anasema kitu kingine. Kwa maana yao, tendo ni ushirikiano kama linamnufaisha mwingine na limedumu kwenye uteuzi wa asili angalau kwa sehemu kwa sababu ya hiyo faida anayoipata mwingine. Mfano wao mimi huwa naupenda sana: tembo akinya porini, yule mdudu anayeviringisha mavi anapata chakula cha bure, lakini tembo hakunya kwa ajili ya mdudu, hata wadudu wote wakiisha kesho tembo ataendelea kunya. Huo sio ushirikiano, ni bahati ya mdudu. Sasa chukua makala zako 200 uzipitishe kwenye mfano huo mmoja tu, utashangaa ni ngapi zinaanguka.

Ndani ya ushirikiano wenyewe kuna mafungu mawili ambayo usiyachanganye hata siku moja. Kuna kunufaishana, ambapo anayetenda naye anapata, na kuna kujitolea kwa hasara, ambapo anayetenda anapungukiwa kabisa maisha yake yote yakihesabiwa na mwingine ndiye anayepata. La pili ndilo lililowasumbua sana wataalamu mpaka William Hamilton alipotoa hesabu yake mwaka 1964, kwamba hasara yangu inaweza kuvumilika kama anayepata ni ndugu wa damu, faida yake ukiizidisha kwa kiwango cha undugu wetu ikazidi hasara yangu. Usiogope zile hesabu tupu ulizozitaja, nyingi zinarudi kwenye sentensi hiyo moja, au kwenye ile ya Robert Trivers ya 1971 ya nipe leo nikupe kesho kati ya wasio ndugu.

Kitu kingine ambacho nakiona kwa wanafunzi karibu wote, na sidhani kama wewe umepona, ni kuandika kwamba mnyama anafanya hivi "kwa faida ya spishi yake". Futa hiyo sentensi popote ilipo. Nikueleze kwa kitu unachokijua. Chukua upatu wa akina mama kumi, kila mwezi kila mmoja anatoa elfu hamsini. Mama wa kwanza anapokea laki tano mwezi wa kwanza, na kuanzia hapo miezi tisa yote yeye ni wa kutoa tu. Ukiangalia pesa peke yake, tangu jioni ile anayo kila sababu ya kuzima simu na kuhama mtaa, na upatu mzima ukifa yeye hajapoteza kitu. Mtu akikuambia anaendelea kutoa "kwa faida ya upatu" hajakueleza chochote. Inabidi useme kinachomshika: kijumbe anapajua kwao, mwakani mzunguko utaanza tena naye anautaka, jina likichafuka hata duka la mkopo halimpi, na wale wasioaminika wanapangwa mwisho kabisa ili wakitoroka watoroke na hela yao wenyewe. Hapo sasa umeeleza. Hicho kinachomshika ndicho fani hii inachokitafuta kila mahali, na hakijali kama mhusika ana manyoya au ana kitenge.

Ukishaona hivyo mada yako inakuwa moja. Angalia hii. Tumbili wa Amboseli, Robert Seyfarth na Dorothy Cheney waliwachezea kwenye spika sauti ya tumbili mwingine anayeomba msaada, wakachapisha mwaka 1984 kwamba tumbili asiye ndugu aligeuka kusikiliza zaidi kama huyo anayelia alimchambua chawa muda si mrefu uliopita, ila kwa ndugu wa damu kuchambuliwa hakukubadilisha kitu. Hapo kwa ndugu unaona undugu, kwa asiye ndugu unaona nipe nikupe, mnyama yule yule mmoja. Halafu simba jike wa Serengeti na Ngorongoro, Robert Heinsohn na Craig Packer 1995: wakisikia ngurumo ya simba mgeni wapo wanaotangulia mbele kila mara na wapo wanaobaki nyuma kila mara, wale wa mbele wanageuka kuwaangalia wazembe, wanawajua kabisa, lakini hakuna adhabu na kesho wanatangulia tena. Sasa kawaweke karibu na Waturkana. Sarah Mathew na Robert Boyd waliandika mwaka 2011 kuhusu uvamizi wa mifugo, kwamba vijana waliotoroka au walioonyesha woga vitani huadhibiwa na watu wa rika lao wenyewe, hata kwa viboko. Simba hana viboko na bado anakwenda, Mturkana anavyo. Kwa nini? Hapo pana aya ambayo folda zako zisingekupa hata ungesoma makala mia nyingine.

Sasa nije kwa ndege wa babu, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu naamini ndiye uti wa mgongo wa tasnifu yako.

Yule ndege kwa Kiswahili anaitwa kiongozi, na anastahili hilo jina. Anakuja mwenyewe, anapiga kelele fulani ya haraka haraka kama mtu anayetikisa kiberiti, anatua kwenye mti wa karibu, ukimsogelea anaruka mbele kidogo huku ameutandaza mkia manyoya meupe ya pembeni yanaonekana, anatua tena anakungoja. Yeye anataka nta na viluwiluwi vya nyuki, na nta anaweza kuimeng'enya tumboni jambo ambalo ni wanyama wachache wanaliweza. Ila tundu la nyuki liko ndani ya mti na nyuki ni wakali. Mtu ana shoka na moshi lakini hajui nyuki wako wapi. Kila mmoja ana kile ambacho mwenzie hana. Miaka zaidi ya 400 iliyopita, mwaka 1588, mmishenari Mreno João dos Santos aliyekuwa Sofala aliandika kuhusu ndege huyu, jinsi alivyoingia kanisani kudonoa nta ya mishumaa na jinsi anavyowapeleka watu kwenye asali. Kwa hiyo maandishi yapo siku nyingi. Aliyeyageuza kuwa sayansi iliyopimwa ni Mkenya, Hussein Isack, pamoja na Heinz-Ulrich Reyer, mwaka 1989, na jinsi walivyoanza ndio jibu la swali lako la "hadithi tu".

Waliwasikiliza Waborana wa kaskazini mwa Kenya. Warina asali walisema ndege anawaambia mambo matatu: upande nyuki walipo, umbali, na kwamba sasa tumefika. Hawakucheka wala hawakuamini bure, waligeuza kila dai kuwa kipimo. Ndege anaporuka anaelekea wapi, kila kituo kina umbali gani na kilichotangulia, anatua juu kiasi gani. Wakakuta kweli, kadiri wanavyokaribia nyuki vituo vinakaribiana na ndege anatua chini zaidi. Na faida wakaipima: bila ndege iliwachukua wastani wa saa 8.9 kupata nyuki, wakiwa na ndege saa 3.2. Upande wa ndege nao, matundu asilimia 96 asingeweza kuyafikia mpaka mtu apasue kwanza. Unaona? Maneno ya wazee yaliingia kwenye utafiti kama madai ya kupima, na wazee wakashinda. Habari za babu yako zina nafasi hiyo hiyo, sio kipambo cha utangulizi na sio ushahidi wa mwisho.

Halafu inaendelea kunoga. Claire Spottiswoode na wenzake walikwenda Niassa, Msumbiji, kwa Wayao, yaani ng'ambo tu ya Ruvuma kutokea kwenu Tunduru. Wayao wana sauti ya kumwita ndege, mtetemo wa ulimi unaomalizikia na mguno mfupi, "brrr-hm". Waliirekodi wakaicheza kwenye spika wakitembea, na safari nyingine wakacheza sauti nyingine za kulinganisha. Kwa sauti ya warina uwezekano wa kuongozwa ulipanda kutoka asilimia 33 hadi 66, na uwezekano wa kufika mpaka kwenye nyuki kutoka kama 17 hadi 54. Hiyo ni 2016. Mwaka 2023 Spottiswoode na Brian Wood wakapeleka mluzi wa Wahadzabe kule Niassa na sauti ya Wayao huku Tanzania kwenye vilima vya Kidero karibu na ziwa Eyasi, wanakoishi Wahadzabe. Ndege wa Kidero waliitikia mluzi wa nyumbani zaidi ya mara tatu kuliko sauti ya kigeni, na wa Niassa vile vile walipendelea ya kwao. Lugha ya watu wa mahali, ndege wa porini anaijua, na hakuna mtu aliyemfuga.

Sasa jiulize amejifunza wapi, maana kiongozi hutaga kwenye viota vya ndege wengine, na kifaranga wake anazaliwa na ndoano kwenye mdomo anawaua vifaranga wa mwenye kiota. Mama yake hajawahi kumwona. Kwa hiyo tabia ya kuongoza inaelekea anazaliwa nayo, ila sauti ya watu wa pale inaelekea anajifunza mwenyewe akishatoka kiotani. Maswali manne ya Niko Tinbergen ya mwaka 1963 hapo yanajipanga yenyewe: tabia inafanyaje kazi sasa hivi, inakuaje ndani ya maisha ya ndege mmoja, inamsaidiaje kuishi na kuzaa, na ilitokea wapi huko nyuma. Makala mbili zinazoonekana zinapingana mara nyingi zinajibu maswali mawili tofauti kati ya hayo manne. Hili peke yake litakuokolea ugomvi mwingi kwenye sura ya pili.

Na malipo je? Huku ndiko nakotaka ukae. Wayao wa Niassa wanamwachia ndege nta, wanaiweka juu ya majani mabichi aione. Wahadzabe, Wood na wenzake waliandika mwaka 2014, mara nyingi wanaificha nta, wanaifukia au kuichoma, ili ndege abaki na njaa aongoze tena. Ndege ni yule yule, kazi ni ile ile, mkataba tofauti kabisa. Na bado Wahadzabe wakiwa na ndege wanapata matundu kwa kasi kubwa mno kuliko wakienda peke yao. Huo ni ushirikiano au ni ujanja? Mimi naona ni ushirikiano wenye mvutano ndani yake, kama biashara nyingi tu, lakini wapo wanaosoma data zile zile wakasema vingine na tasnifu yako inaweza kukaa hapo hapo ikajenga hoja. Hapo mnyama na mtu wako kwenye mstari mmoja wa jedwali, supavaiza hawezi tena kusema ni tasnifu mbili.

Nimesema jedwali. Funga folda zako zote, usifute, zifunge tu. Fungua Excel au daftari kubwa, mimi nilianza na daftari. Kosa la kwanza ambalo hata mimi nililifanya enzi zangu ni kuweka makala moja kwa kila mstari, nikajaza mistari mingi sana ambayo haikuniambia kitu. Mstari uwe uhusiano mmoja. Sio "Seyfarth na Cheney 1984" bali "tumbili kwa tumbili asiye ndugu, Amboseli". Makala moja inaweza kuzaa mistari miwili, na makala tano zinaweza kuishia kwenye mstari mmoja, ambapo ndipo utaona kama zinakubaliana. Kisha kwa kila mstari unajibu: nani anatoa nini, nani anapata nini, malipo ni papo hapo au baadaye, kinachomshika mwenzake asidanganye ni nini, na wamejuaje, yaani waliangalia tu, walifanya jaribio, walihoji watu au ni hesabu. Weka na safu ya kuuliza kama faida na hasara walizipima kweli au walizidhania, hii ni chungu maana utakuta nyingi sana zimedhaniwa. Safu ya neno walilotumia wenyewe, ili usije ukachukua "ushirikiano" wa mwanauchumi ukaubandika kwa nyuki. Na safu ya mwisho iite "sijaridhika kwa sababu", uandike unachohisi siku ile ile unaposoma, maana baada ya miezi sita hutakumbuka.

Hiyo michezo ya pesa iliyokuchosha, yaani majaribio ambapo watu wanapewa pesa wagawane au wachangie, nayo inaingia humo humo, ila kwa tahadhari. Joseph Henrich na wenzake walipeleka michezo hiyo kwenye jamii ndogo 15 duniani, matokeo yakatoka 2001, wakiwemo Wahadzabe wetu na Waorma wa Kenya. Wahadzabe walimgawia mwenzao kidogo kuliko jamii nyingi, wakati kambini kwao nyama inagawanywa kila inapopatikana. Sasa mchezo unapima nini, moyo wa mtu au jinsi anavyoielewa ile hali ya kugawa pesa kwa mtu asiyeonekana? Na Waorma, walipochezeshwa na Jean Ensminger mchezo wa kuchangia kwenye mfuko wa pamoja, wenyewe waliuita mchezo wa harambee. Hapo wametuonyesha kwamba mtu haingii kwenye mchezo mtupu, anakuja na taratibu za kwao kichwani. Elinor Ostrom alipata Nobeli ya uchumi 2009 kwa kazi ya namna hii hii ya kuangalia taratibu za watu halisi kwenye malisho, misitu na mifereji, badala ya kudhani kila mtu atakomba tu. Kwa hiyo kwenye ile safu ya "wamejuaje" usiandike "jaribio" ukaishia hapo, andika na washiriki walidhani wanafanya nini kama makala inasema.

Kwa upande wa kutafuta makala, acha kupakua unachokutana nacho. Andika tarehe, maneno uliyotafuta, mahali ulipotafuta, umepata ngapi, umeacha ngapi na kwa nini. Mtahini atakuuliza na ukiwa na ukurasa huo utalala usingizi. Tumia programu ya kutunza marejeo kama Zotero, ni ya bure. Kwa michezo ya ushirikiano ya watu ipo hifadhidata ya wazi inayoitwa Cooperation Databank, ina tafiti zaidi ya 2,600 zimeshapangwa tayari, usianze kuchimba kisima pembeni ya bomba.

Sasa njia zako, nikueleze kama ningemweleza binti yangu. Unaweza kufanya mapitio ya makala tupu, yaliyofuata utaratibu, ukiwa na jedwali hilo. Ni nafuu, miezi 14 inatosha, na ukilifanya vizuri linachapishika, ila utahisi upweke kidogo na wapo watahini wa ikolojia wanaotaka kuona tope kwenye viatu. Unaweza kwenda porini kufuata ndege na warina, hilo ndilo moyo wako unalitaka, lakini kwa hela ya kuungaunga na msimu mmoja wa asali utarudi na safari chache mno kiasi kwamba hesabu haitasimama, na vibali peke yake vinaweza kumeza miezi. Isack na Reyer walikaa porini miaka mitatu. Au unaweza kufanya mapitio kama mwili wa kazi, halafu ukaongeza mahojiano na warina asali wa eneo moja tu, swali dogo, mfano wanamwita vipi ndege na wanamlipa nini. Mimi ningechagua hii ya tatu. Inakupa watu na wanyama pamoja, inatumia lugha unayoijua, na ikitokea mvua imeharibu msimu bado tasnifu ina miguu. Ubaya wake ni kwamba mahojiano yanakupa wanachosema watu, hayakupi alichofanya ndege, na lazima uandike hivyo bila kujificha.

Kwenye mahojiano kuna jambo dogo lenye uzito. Kila anapokueleza kitu muulize: uliona kwa macho yako au uliambiwa? Kuna ile habari maarufu kwamba kiongozi anamwongoza na nyegere. Vitabu viliinakili miaka na miaka. Watafiti wakawauliza warina karibu 400 wa nchi tisa za Afrika, ikachapishwa 2023, wengi walisema hawajawahi kuona, lakini kwenye baadhi ya jamii za Tanzania, Wahadzabe wakiwemo, wengi walisema wameona. Usingepata picha hiyo bila swali la macho yako mwenyewe. Pengine inatokea sehemu fulani tu, na ni jambo linalostahili heshima ya kupimwa badala ya kukatwa kwa neno moja.

Vibali usivichezee. Kwa Tanzania utasikia COSTECH kwa utafiti kwa jumla, TAWIRI kama unagusa wanyamapori, TANAPA kama unaingia hifadhi ya taifa, na kwa Kenya NACOSTI. Wewe ni mwanafunzi wa hapa, kwa hiyo anzia ofisi ya utafiti ya chuo chako, wao ndio watakaokuambia ni barua gani inatosha kwa mahojiano kijijini na ni lini unahitaji zaidi, kisha utapita wilayani mpaka kwa mtendaji. Nenda mwezi huu, usisubiri propozo ikamilike. Na kamati ya maadili ni lazima hata kama unaongea na wajomba zako. Mrina asali akikuonyesha miti yake, usiweke alama za GPS kwenye data utakayoisambaza, ile ni mali yake na mwingine atakwenda kuichoma. Ridhaa iwe kwa lugha anayoiongea, Kiyao kama ni Kiyao, na akisema nisirekodi sauti yangu ya kumwita ndege, basi hurekodi. Ukimaliza rudi uwaeleze ulichopata. Wapo wazee waliohojiwa na watu wanne watano na hawajawahi kuona hata karatasi moja, na mimi linaniuma kwa sababu wao ndio waliotufundisha.

Yapo mambo ambayo kwa maandishi siwezi kukusaidia. Mwone mtakwimu kabla hujahoji mtu wa kwanza, sio baada, akuambie watu wangapi na maswali ya namna gani, maana data mbovu hata yeye hawezi kuifufua. Mwone mkutubi wa chuo, nusu saa yake itakuokolea wiki mbili. Na kwa supavaiza nenda ana kwa ana, usimtumie meseji ndefu, mpelekee karatasi moja yenye mistari kumi ya jedwali: tumbili, simba, Waturkana, Waorma, kiongozi na Wayao, kiongozi na Wahadzabe, upatu wa mtaani kwenu, na mitatu mingine utakayoichagua. Mwache aisome kimya. Kama bado atasema chagua, basi msikilize sababu zake maana yeye anaijua idara yenu na watahini wake kuliko mimi, na mstari wa kiongozi bado unaweza kubaki kwenye upande wowote utakaouchagua. Kama unaona umefika mahali hulali, kila ukifungua laptopu moyo unakwenda mbio, hilo nalo mwambie yeye au ofisi ya ushauri ya wanafunzi.

Hukusema kama babu bado yupo. Kama yupo, kibali kikitoka nenda kwake kwanza, kaa naye asubuhi, umwombe akuitie ndege kama alivyokuwa anaita, urekodi kwa simu, uandike tarehe na kijiji na nani alimfundisha. Kisha muulize kama nta alikuwa anamwachia na aliiweka juu ya nini.